Embu hadi Meru: Nyasi Zilizokataa Kunywa Maji

Ukitoka jijini Nairobi alfajiri, ukapita Thika na kuyaacha nyuma majaruba ya mpunga ya Mwea, utavuka mto Rupingazi na kuingia mjini Embu kabla jua halijaanza kuchoma. Ukiwa na bahati, Mlima Kenya utakuwa umejivua blanketi lake la mawingu, nawe utaiona barafu kidogo iliyosalia ikimetameta huko juu karibu na kilele, kilicho mita 5,199 kutoka usawa wa bahari. Kila upande ni kijani: migomba, kahawa, miembe, na kila baada ya kilima kuna kijito. Mtu akikuambia kwamba katika nchi kama hii ardhi inaweza kufa kiu huku ikinyweshwa maji, utamwona mzushi.

Mimi nilimwona kaka yangu mzushi aliponipigia simu mwezi wa Januari kuniambia maneno hayohayo.

Kaka yangu ni mwalimu mstaafu, na pale kijijini hakuna amwitaye kwa jina lake. Wote, pamoja na mkewe, humwita Mwalimu. Boma lake liko juu ya mji wa Embu, upande wa kwenda Manyatta, pale ambapo mashamba ya kahawa huanza kuyapisha ya majani chai. Binti yake wa pili alikuwa ameposwa na kijana wa Meru, na wakwe walitarajiwa Jumamosi ya mwisho ya Februari kuja kuzungumza mambo ya mahari. Mwalimu alikuwa ameapa kwamba wageni hao wataketi juu ya nyasi wala si juu ya vumbi.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya nyumba, mita 20 kwa mita 10. Kwa kuwa mahali hapo palikuwa bondeni na maji ya mvua yalituama, miaka minne iliyopita alimwaga hapo malori kadhaa ya mchanga kutoka huko Mbeere, akachanganya na samadi, kisha akapanda zile nyasi nyembamba ambazo wauza miche wa Nairobi huziita Pemba. Kwa miaka mitatu zilistawi vizuri ajabu. Nilipofika Januari nilitarajia kukuta zulia. Nilichokuta ni ngozi ya fisi: mabaka ya kahawia hapa, kijani pale, kahawia tena.

"Labda huzinyweshi vya kutosha," nikasema, kama wasemavyo watu wa mjini.

Mwalimu hakunijibu. Alinionyesha mpira wa maji uliokuwa ukitiririka tangu saa moja asubuhi.

Hapo ndipo yalipokuwa matata. Maji ya kijiji hicho huletwa kwa bomba kutoka juu karibu na msitu, yakiteremka yenyewe bila pampu, na wakati wa kiangazi hugawanywa kwa zamu. Zamu ya Mwalimu ilikuwa Jumanne na Ijumaa. Akifungua mpira wake asubuhi nzima, jirani yake wa upande wa chini, mama mmoja mjane mwenye sukuma wiki na ng'ombe wawili wa maziwa, hupata maji ya kudondoka tu. Siku hiyo mama huyo alikuja hadi langoni. Alisalimu kwa heshima zote, akaulizia hali ya watoto, kisha akasema, "Mwalimu, maji yako hayakai kwako. Yanapita njiani, yanaingia mtaroni, na mimi sina ya kumpa ng'ombe."

Tulikwenda kuangalia. Kweli, maji yalikuwa yakiteleza juu ya nyasi, yanafuata mteremko mdogo na kutokea njiani. Mwalimu alichukua panga, akakata kipande cha uwanja katikati ya baka la kahawia na kukiinua. Lo! Baada ya karibu saa mbili za kumwagilia, unyevu ulikuwa juu tu kama jasho. Chini ya hapo, kina cha kidole kimoja, mchanga ulikuwa mkavu, ukachuruzika kutoka mkononi mwake kama unga.

Kila mtoto aliyekulia Embu au Meru amewahi kucheza na jani la nduma. Ukidondoshea maji juu yake, hayaliloweshi. Yanajikunja kuwa shanga na kubingirika hadi ukingoni. Jani hilo lina nta. Basi udongo nao unaweza kuvaa nta. Mizizi na majani yanapooza, na kuvu wanapofanya kazi yao ardhini, hubaki vitu vyenye asili ya mafuta na nta ambavyo huzipaka chembe za udongo utando mwembamba usioonekana kwa macho. Udongo ukiwa bado na unyevu, utando huo hausumbui sana. Ukikauka kupita kiasi, maji yanayokuja baadaye yanakataliwa, yanajikunja juu kama juu ya jani la nduma, na kutafuta njia nyingine.

Mchanga ndio unaopatwa zaidi, na sababu yake ni rahisi. Chembe za mchanga ni kubwa na chache, kwa hiyo utando kidogo tu unatosha kuzivika zote. Udongo wa mfinyanzi, kama ule mwekundu wa volkano ulioko kila mahali katika miteremko hii, una chembe ndogo mno zisizo na idadi, na nta hiyohiyo haitoshi kuzifunika. Huko Australia, upande wa kusini na magharibi, kuna mamilioni ya hekta za mashamba ya ngano yenye mchanga unaokataa maji, na baadhi ya wakulima huko hufikia hatua ya kuchimba mfinyanzi na kuumwaga juu ya mchanga wao ili unywe mvua. Mwalimu alikuwa amefanya kinyume chake: alichukua shamba la mfinyanzi mzuri, akaufunika kwa mchanga na samadi.

Kuna jaribio ambalo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kulifanya. Chimbua kipande cha udongo kwa kisu, kiache kikauke kivulini, kisha dondosha matone ya maji juu yake, moja karibu na mizizi, jingine chini zaidi, na uhesabu sekunde. Tone likizama kabla ya sekunde 5, udongo hauna neno. Kati ya 5 na 60, umeanza kukataa. Likipita dakika nzima, tatizo ni kubwa, na watafiti wameshaona udongo ambao tone hukaa juu yake zaidi ya saa nzima. Sisi tulitumia sindano ya kuchanjia ng'ombe na saa ya simu. Kwenye nyasi za kijani tone lilizama kwa sekunde 4. Kwenye baka la kahawia tulihesabu hadi 210, na bado lilikuwa limekaa pale, duara, likitutazama.

Nilimkumbuka bwana mmoja anayetunza nyasi za uwanja wa gofu jijini. Nilimpigia simu, naye akacheka. Kwao jambo hilo si geni. Viwanja vya gofu, hasa yale maeneo yenye mashimo, hujengwa kwa mchanga ili visituamishe maji, na mabaka ya aina hiyo ni ugonjwa wao wa kila kiangazi. Dawa waitumiayo ni kilowesha udongo. Ni jamaa ya sabuni: kila chembe yake ina ncha mbili, moja ipendayo maji na nyingine ipendayo nta na mafuta. Ncha moja hujishika kwenye ule utando, nyingine huyavuta maji yaje, na hivyo tone lililokuwa limejikunja hutandaa na kuzama. Marekani wamekuwa wakiitumia kwenye viwanja vya nyasi tangu miaka ya 1950. Bwana huyo aliniuzia chupa ndogo, akanionya mambo mawili: nifuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, na nisidanganyike kwamba dawa hiyo inaumba maji.

Onyo la tatu lilichelewa. Mpwa wa mke wa Mwalimu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa amesikiliza mazungumzo yetu ya jamaa ya sabuni, akaona hakuna haja ya kungojea chupa kutoka Nairobi. Aliyeyusha nusu pakiti ya sabuni ya unga ya kufulia katika ndoo na kumwagia pembe moja ya uwanja. Maji yalizama, ndiyo. Nyasi nazo zikageuka manjano kwa siku tatu. Sabuni ya kufulia imejaa magadi na chumvi nyingine zinazounguza mizizi, na katika udongo wa mfinyanzi sodiamu yake huvunja mabonge ya udongo na kuufanya ukauke kama sakafu. Pembe hiyo ililazimika kukatwa na kupandwa upya, na kijana huyo ndiye aliyechimba.

Chupa ilipofika tulitumia pampu ya mgongoni ya kunyunyizia kahawa, baada ya kuisuuza mara nne, kwa maana pampu iliyobakisha dawa ya magugu ingetumalizia kazi yote. Kabla ya hapo tulitoboatoboa mabaka kwa uma wa bustani. Tulinyunyiza asubuhi kabla jua halijawa kali, na mara moja tukafuatisha maji ili dawa isibaki kwenye majani na kuyaunguza, bali iteremke mizizini. Kutoka hapo Mwalimu aliacha kufungua mpira asubuhi nzima. Alinywesha dakika 10, akafunga, akanywa chai, akanywesha tena dakika 10. Maji yakipewa nafasi ya kuzama hayana haja ya kukimbilia mtaroni.

Siku chache baadaye tulialikwa Meru, mimi na Mwalimu na wazee wawili, kwenda kupaona kwao bwana harusi.

Barabara ya Embu hadi Meru ni miongoni mwa barabara za kupendeza sana humu nchini, na mtu asiipite usiku. Inakata ubavu wa mashariki wa mlima, kwa hiyo kazi yake yote ni kushuka bondeni, kuvuka daraja na kupanda tena. Baada ya Runyenjes unavuka Thuci, na hapo umeiaga Embu. Kisha Chuka, kisha Nithi, daraja lenye kona na mteremko ambako madereva huacha kuzungumza. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Wazee wetu walivua kofia. Halafu Nkubu, kibao cha Ikweta, na mji wa Meru.

Mito yote hiyo tuliyovuka, mmoja baada ya mwingine, huishia Tana, mto unaojaza bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na mengine kadhaa ya umeme. Taa unayosomea gazeti hili jioni, msomaji, yawezekana imewashwa kwa sehemu na maji yaliyoponea mpira wa mtu kama Mwalimu.

Mjini Meru tulipita karibu na uwanja wa Kinoru. Huu ni mmoja wa viwanja vilivyoteuliwa kwa michuano ya CHAN ya mwaka 2018, kabla Kenya haijanyang'anywa uenyeji mnamo Septemba 2017 kwa kutokuwa tayari, na ndipo ilipoadhimishwa Sikukuu ya Madaraka ya Juni 1, 2018. Embu nao walipata zamu yao katika Uwanja wa Moi mwaka 2023. Nikiwa garini nilipiga hesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Wakati wa kiangazi nyasi za huku huhitaji milimita 4 hadi 5 kwa siku. Tuchukue 5. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 utataka lita 35,700 kwa siku, yaani mitungi 1,785 ile ya lita 20. Uwanja wa Mwalimu ulitaka mitungi 50. Nilipomwambia hivyo alinyamaza hadi tulipofika.

Karibu na boma la wakwe palikuwa na shule yenye kiwanja cha mpira, na kijana aliyekikata nyasi alikuwa akilalamika kwamba mbele ya magoli hapaoti kitu. Mimi sasa nilikuwa nimejiona daktari. Nilitoa sindano yangu mfukoni. Tone likazama kwa sekunde 2! Nikadondosha jingine, vilevile. Udongo ulikuwa mwekundu, mfinyanzi wenyewe, wala haukuwa na nta ya kuwekewa dawa. Shida yake ilikuwa viatu. Umekanyagwa hadi hewa yote imetoka, na maji mengi yakija yanatuama juu kama kwenye sahani. Mahali kama hapo chupa yangu ingekuwa fedha iliyotupwa. Panataka uma wa kutoboa, samadi iliyooza vizuri, na magoli yahamishwe kidogo wakati wa mazoezi ili nyasi zipumzike. Watu huyachanganya magonjwa haya mawili kwa sababu yote huonekana kama ukavu. Kijana alinishukuru, ingawa nadhani sindano ilimtia wasiwasi.

Tulipokelewa vizuri mno. Chakula kilikuwa kingi, mazungumzo yakaenda polepole kama ipasavyo. Miongoni mwa wenyeji alikuwepo shangazi wa bwana harusi, mama wa makamo aliyeolewa huko Marimanti, katika tambarare za Tharaka. Ukiwa Meru mjini, penye baridi na mvua, ni vigumu kuamini kwamba mwendo wa saa chache chini yako kuna joto la namna ile na mawe meupe ya mto usio na maji. Mtu mmoja alimuuliza kuhusu kiangazi. Alijibu akiendelea kupakua chakula: "Kathita ikifika kwetu huwa imechoka. Kila mtu huku juu ameinywa kidogo. Sisi tunachimba mchangani."

Hakumlenga yeyote. Lakini nilimwona kaka yangu akiliweka bakuli lake chini.

Njiani tukirudi, tukiwa tumekwisha vuka Nithi, alisema, "Hema mbili zinataka nafasi gani?" Nikamwambia mita 10 kwa 10 zinatosha. Akanyamaza tena. Ijumaa iliyofuata aliufunga mpira upande wa chini wote wa uwanja, akauachia ukauke hadi mvua za Machi, na kunywesha nusu ya juu peke yake. Ile zamu ya asubuhi nzima ikawa chini ya saa moja. Mkewe hakufurahi, alisema wakwe wataona nusu ya uwanja imekufa na kudhani nusu ya familia ni wavivu.

Je, dawa ilifanya kazi? Nitasema nilichokiona. Mabaka mengi ya nusu ya juu yalianza kuchipua baada ya wiki mbili hivi, na nilipokata kipande kwa panga nilikuta unyevu umefika kina cha kiganja. Mawili hayakupona, nyasi zake zilikuwa zimekwisha kufa, na hakuna dawa inayofufua mizizi. Bwana wa gofu anasema nguvu ya dawa huisha kwa wiki au miezi kulingana na aina yake, ndipo itiwe tena, na kwamba wakati mzuri ni kabla kiangazi hakijakaza, si baada ya fisi kuonekana. Kwa familia yenye kiwanja kidogo cha mfinyanzi hapo Nairobi, nisingewashauri muinunue kabla ya kufanya jaribio la tone, ambalo ni la bure.

Jumamosi ya wakwe ilifika. Hema zilisimama, wazee waliongea, mbuzi walihesabiwa, na watoto walicheza kwenye ule upande mkavu bila kujali lolote. Yule mama jirani alikuja na maziwa ya chai ndoo nzima. Wageni walipoanza kuondoka alinivuta kando, akafungua kitambaa alichokuwa amekikunja mkononi. Ndani mlikuwa na udongo.

"Mwanangu, hata mimi nipimie," akasema. "Huu ni wa pale mwisho wa shamba langu, ambapo sukuma hukauka hata nikimwagilia."

Nilitoa sindano. Mwalimu alikuja kutazama, na kijana wa sabuni naye. Udongo ulikuwa mweusi na mwepesi, umejaa majani membamba yaliyonyauka. Tone lilikaa. Tukahesabu sote kwa sauti, ishirini, hamsini, mia moja, na lilikuwa bado linang'aa. Mama aliokota jani moja kutoka kitambaani, akalivunja na kulinusa, kisha akanipa. Lilikuwa jani la mkaratusi, mti ambao unajulikana duniani kote kwa kuuvika nta udongo ulio chini yake.

Kisha akageuka polepole kuutazama mpaka wa mashamba yao mawili, na safu ya mikaratusi kumi na minne mirefu ambayo Mwalimu aliipanda mwaka aliostaafu.

"Mwalimu," akasema, "tutazungumza Jumatatu."